Wiki ya tatu baada ya mama kukimbia kipigo: atalala wapi, yeye na watoto? (Tabora na Kigoma)

Msaidizi wa Ipuli (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Tabora, Kigoma na kwingineko, nawasalimu. Nimekuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Tabora Manispaa kwa miaka tisa, na jambo ninalolileta limenikaa moyoni tangu msimu uliopita wa masoko ya tumbaku. Tunapozungumzia familia zinazokimbia ukatili wa nyumbani, karibu maneno yetu yote huishia usiku ule wa kutoka: nani alimfungulia mlango, alifikaje polisi, nani alimpa nauli. Mimi naomba tuzungumzie wiki ya tatu. Kati ya akina mama niliowasindikiza ambao baadaye walirudi kwenye nyumba waliyoikimbia, wengi hawakurudi kesho yake. Walirudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa, unga ulipopungua kwa mwenyeji, mtoto alipoanza kuulizwa mbona haendi shule, na ndugu walipoanza kukumbushana kwa sauti ya chini kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mhusika. Mama wa watoto wanne, kutoka kijiji kinacholima tumbaku, alijiandaa kuondoka kwa miezi miwili. Mumewe alikuwa na desturi ya kupekua mikoba, lakini hakuwahi kugusa beseni la nguo chafu. Kila alipokwenda kisimani kufua, mama huyu alibeba nguo nane akarudi na sita. Mbili zilibaki kwa mwenzake anayeishi jirani na kisima. Chini kabisa ya beseni, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili ili maji yasipenye, zilisafiri kadi za kliniki, vyeti viwili vya kuzaliwa, na daftari dogo ambamo alikuwa akiandika kwa penseli kilo za tumbaku kila mtumba, yaani robota la tumbaku, ulipofungwa. Siku yenyewe alitoka na ndoo kichwani, watoto wakimfuata, kama anavyotoka siku zote.

Mjini alipokewa vizuri. Shangazi yake alimpa chumba, dawati la jinsia na watoto la polisi lilimsikiliza, na afisa ustawi wa jamii aliandika maelezo yake. Wiki ya tatu akarudi kwa mumewe. Nilipompigia simu kwa namba ya yule rafiki wa kisimani, hakujitetea wala hakumsifu mume. Akitaja bani, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, aliniambia, «Dada, moto wa bani nimeukesha mimi, kuanzia kitalu mpaka kufunga mitumba. Siku ya malipo nikikosekana, watoto watavaa nini mwaka mzima?» Uanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ulikuwa kwa jina la mume, akaunti ya benki vilevile. Fedha za mwaka mzima huingia mara moja, na yeye hakuwa na njia nyingine ya kuzifikia isipokuwa kuwepo nyumbani siku hiyo. Aliondoka tena baada ya miezi saba, safari hiyo mkono ukiwa ndani ya plasta.

Sikuwahi kumlaumu. Alipiga hesabu sahihi kwa kile alichokuwa nacho mkononi, na hesabu ile ndiyo inayopaswa kutushughulisha.

Watu wengi wakisikia neno nyumba salama hukumbuka mkoa wa Mara, kule Mugumu na Masanga, ambako wasichana hukimbilia kuepuka ukeketaji, hasa msimu wa Desemba. Kazi ile naiheshimu kutoka moyoni. Lakini msichana anayekimbia kisu akiwa peke yake, na mama anayekimbia na watoto wanne ambao mmoja wao ni mvulana wa miaka 14, hawafai kuwekwa kwenye nyumba ya namna moja. Nyumba nyingi zinazopokea wanawake husita kumpokea mvulana aliyebalehe. Mtoto mchanga naye ana mahitaji yake. Utaratibu wa mlezi wa kuaminika, ambaye ustawi wa jamii humteua ampokee mtoto aliye hatarini, unamchukua mtoto bila mama yake. Mama akiambiwa agawanye watoto ili apate pa kulala, mara nyingi atachagua kubaki nao palepale anapopigwa.

Kwa hiyo naomba wenye uzoefu waseme: kwenu, baada ya siku za kwanza, familia inakwenda wapi? Na ni kitu gani hasa kiliiwezesha isirudi?

Binti Kibirizi

Dada Msaidizi, pole na kazi. Mimi naandika kutoka Kigoma, na ninalotaka kulisema ni la mama yangu mdogo, ambaye mwenyewe ameniruhusu kulieleza.

Wake wa wavuvi wa dagaa wana kalenda yao. Usiku wa giza wanaume huwa ziwani na taa zao mpaka alfajiri, na mbalamwezi ikikomaa hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mama mdogo alikuwa akiziogopa siku za mbalamwezi kama mtu anavyoogopa homa inayojirudia. Aliondoka usiku wa giza, hilo lilikuwa rahisi. Tabu ilikuwa usafiri. Vijiji vya mwambao vinategemea boti za abiria, na boti husimama kila kijiji, ikishusha watu na mizigo mbele ya macho ya wote. Nahodha ni shemeji wa fulani, msaidizi wake alivua na mume wako mwaka juzi. Kabla hajafika Kigoma mjini, mumewe alikuwa amekwisha kuambiwa ameshukia wapi na amevaa kanga gani. Ilibidi apandishwe gari siku hiyohiyo kwenda Kasulu, ambako hakuwa na mtu ila mwanamke aliyekuwa akinunua dagaa kwake.

Huyo mnunuzi wa dagaa ndiye aliyekuwa nyumba salama yake kwa miezi minne. Sisi ndugu tulishindwa kwa sababu mume alijua milango yetu yote.

Kilichokaribia kumfichua wiki ya tatu hakikuwa mume, kilikuwa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Aliacha deni, na pia aliacha dagaa wakikauka mchangani, ndio mtaji wenyewe. Wanakikundi wenzake, ambao hawakuwa na nia mbaya, walianza kuulizia kila mahali alikokwenda, wakapiga simu kwa ndugu mpaka wakamfikia mtu aliyejua. Laiti angemwamini katibu wa kikundi mapema, akamwambia kwamba anaondoka na kwamba deni atalilipa polepole kupitia mtu mwingine, yale maulizo yasingekuwepo. Siku hizi tukimsaidia mama yeyote kuondoka, swali la madeni ya vikundi ni la pili, baada ya swali la watoto.

Mwalimu wa Nzega

Naomba kuongeza jambo la shule, kwa kuwa wiki ya tatu ninaiona nikiwa upande wa pili wa meza. Tangu 2016 elimu mpaka kidato cha nne haina ada katika shule za serikali, na wengi hudhani kwamba kumhamishia mtoto shule nyingine ni jambo jepesi. Kwa familia ya kawaida ni jepesi. Kwa familia iliyojificha, uhamisho ni mlango ulioachwa wazi, kwa sababu fomu inataja shule anakokwenda na kumbukumbu yake inabaki shule alikotoka. Baba akifika kwa utulivu, akasema anamtafuta mwanawe, mwalimu asiyejua kinachoendelea atafungua faili na kumsomea jina la shule mpya. Nimeliona likitokea, na aliyesoma jina hilo alilia aliposikia matokeo yake.

Ushauri wangu ni kwamba afisa ustawi wa jamii azungumze na mwalimu mkuu wa shule ya kupokea kabla ya karatasi yoyote kutembea, mtoto aanze kuhudhuria darasani, na suala la uhamisho lishughulikiwe na mkuu wa shule mwenyewe na ofisi ya elimu wilaya, si na mwalimu wa zamu. Mtoto anayekaa nyumbani wiki tatu huanza kumwomba mama warudi, na ombi la mtoto lina nguvu kuliko vitisho vya mume.

Mzee wa Urambo

Wanangu, nimewasoma kwa makini na sina nia ya kutetea ngumi. Hata hivyo, nina mashaka mawili. Kwanza, mbona mnaruka usuluhishi? Sisi tuliolelewa na wazee tunajua kwamba ndoa nyingi zilipona barazani. Pili, wapo wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa, nao hawana pa kwenda. Tena mkiwa na nyumba za kuwapokea wake, je, hamwoni kwamba mtarahisisha kuvunjika kwa ndoa kwa ugomvi mdogo?

Msaidizi wa Ipuli

Shikamoo mzee. Nakushukuru kwa kuuliza kwa heshima, nami nitajibu kwa heshima.

Usuluhishi upo ndani ya Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe. Kifungu cha 101 kinataka shauri la talaka litanguliwe na baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha litoe cheti. Lakini kifungu hichohicho kimeacha nafasi kwa mahakama kuridhika kwamba yapo mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mimi huwaomba wajumbe wa mabaraza wasimwite mama aliyevunjwa taya aketi benchi moja na aliyemvunja, wakimtaka aseme kwa sauti, mbele yake, kilichotokea. Atasema yameisha. Baraza litaandika kwamba wamepatana, na jioni watarudi nyumba moja. Usuluhishi unahitaji watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana bila kuogopa usiku.

Kuhusu wanaume, kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, mila yoyote isemeje. Neno ni mwenzi, kwa hiyo linamlinda mume na mke sawasawa. Dawati la jinsia halifungi mlango kwa mwanamume, na nimewahi kumsindikiza mmoja, mtu mzima, aliyekuwa akilala kwenye bani lake mwenyewe kwa kuogopa watoto wake wakubwa waliochochewa.

Ama kuhusu ugomvi mdogo, mzee wangu, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na kwamba asilimia 58 ya wanawake wenyewe waliona ipo angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe. Mtu aliyelelewa akiamini hivyo haondoki kwa ugomvi mdogo. Akifika kwetu, huwa amekwisha kuvumilia kwa miaka, amekwisha kurudishwa na wazazi mara mbili au tatu kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatumika kuwaozesha wadogo zake wa kiume, na amekwisha kuambiwa kwamba ya ndani hayatoki nje. Mficha uchi hazai, mzee. Wengi wamekufa wakiwa wameficha.

Muuguzi Mstaafu

Niseme kidogo tu. Anayekimbia apitie hospitali hata kama haoni jeraha kubwa, kwa maana kumbukumbu ya daktari ya siku hiyo itafanya kazi mahakamani miezi sita baadaye, wakati alama zimekwisha kufutika. Fomu ya polisi namba 3, PF3, ndiyo inayoiunganisha hospitali na kesi. Kwa aliyebakwa, dawa ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, hivyo asikae akisubiri ndugu wakubaliane kwanza. Palipo na kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, polisi, mganga, ustawi wa jamii na mnasihi wanapatikana mahali pamoja, na mama hasimulii mara nne kwa watu wanne. Kusimulia mara nne kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Nimewaona wakiinuka na kuondoka mara ya tatu.

Mpangaji wa Ng'ambo

Samahani kwa swali. Mimi ni mmoja wa waliorudi, kisha nikatoka tena. Kilichonirudisha ni kodi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mpigo, na mwenyekiti wa mtaa alitaka barua ya utambulisho kutoka mtaa nilikotoka, yaani nikaombe barua kwa rafiki wa mume wangu. Dada Msaidizi, kwa mtu wa namna hii kuna njia gani? Na je, niliyeishi na mwanamume miaka sita bila ndoa ya kanisani wala ya bomani, nina haki yoyote?

Msaidizi wa Ipuli

Mdogo wangu, pole sana, na asante kwa kujitokeza.

Barua ile inaweza kuandikwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, ikimtambulisha mhusika bila kueleza anakotoka. Mwenyekiti wa mtaa akionyeshwa barua ya ofisi kwa kawaida haulizi zaidi, hasa kama kata ina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto inayokutana kweli. Kamati hizi zilianzishwa chini ya mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, na pale zilipo hai zimenisaidia kuliko ofisi nyingi kubwa.

Kodi ndiyo kidonda. Hapa kwetu tulianza jambo dogo mwaka juzi, wanawake kumi na wawili wa kanisa na msikiti kwa pamoja, kila mmoja akitoa kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya kulipa miezi mitatu ya kwanza ya chumba kimoja. Hatununui nyumba, wala hatuna bango. Chumba hubadilika kila familia inapobadilika, na wanaokijua ni wawili tu kati yetu. Familia tano zimepita humo mpaka sasa. Zote tano zilivuka wiki ya tatu, na nne hazijarudi.

Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ingeweza kumsimamisha mama kama huyu, ila hutolewa kwa vikundi, na mgeni wa wiki tatu hana kikundi. Tunachofanya ni kumwingiza mapema kwenye kikundi kilichopo, akianza kwa kazi kabla ya hisa, ili ombi linalofuata limkute ndani.

Kuhusu haki zako: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume, huchukuliwa kwamba walioana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa vinginevyo mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine. Kuhusu mali, tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango. Ndiyo maana daftari la penseli la yule mama wa beseni lilikuwa na thamani kubwa. Alipotoka mara ya pili alikuwa nalo, na Mahakama ya Mwanzo ililisoma ukurasa kwa ukurasa. Kwa watoto, unaweza kuomba amri ya matunzo wakati shauri la msingi bado linaendelea, usisubiri lifike mwisho.

Jirani wa Isevya

Dada, naomba unijibu haraka. Tangu jana usiku mama jirani yuko kwangu na watoto watatu. Hatujalala. Mume amepita mara mbili akiniuliza kwa upole kama nimemwona. Nifanye nini leo?

Msaidizi wa Ipuli

Umefanya vyema. Usimjibu tena mlangoni, mwambie mtu mwingine wa nyumbani aseme kwamba umesafiri. Kwako ni karibu mno, kwa hiyo leo ni siku ya kuwahamisha. Piga 112 kama atakuja kwa fujo, na kwa ajili ya watoto piga 116, simu isiyolipiwa, watakuunganisha na ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa, kwa hiyo hufanyi uchonganishi.

Simu ya mama izimwe, na asitoe fedha kwa wakala wa mtaa huo. Watoto wasitoke nje, wala wasitumwe dukani hata kwa kiberiti. Mwulize kama ana deni la kikundi, na ni nani anayeweza kuaminiwa kuzungumza na katibu. Nitakuandikia ujumbe wa faragha sasa hivi. Anayekuja kuwachukua atakuja na beseni la nguo, kama mtu anayekwenda kufua.

Na tafadhali, kama umeshafua nguo za watoto hao, zianue sasa hivi. Zikaukie ndani.